Jina la Shamba

Ramani ya Aisilandi ilifunika meza nzima ya jikoni kwa Sigrún, pale Gimli, mji wa ng'ambo waliohamia watu wa kisiwa hicho. Mwanawe alikuwa akizungushia volkano kalamu nyekundu.

"Volkano mbili, halafu tunapanda mlima wa barafu," alimwambia mkewe. "Tiketi zetu mbili tayari."

"Mbili?" Sigrún aliuliza.

"Mama nawe! Kwa magoti hayo? Tena mbwa utamwachia nani?"

Tangu utotoni Sigrún alitamani kuliona shamba alikozaliwa mama yake. Mwanawe alilijua hilo vizuri.

"Lakini tutapita tukupigie picha. Lile shamba la bibi linaitwaje vile?"

Ukucha wa Sigrún ulikuwa umetua palepale, kwenye herufi ndogo kando ya mto. Akazifunika kwa kiganja.

"Nimesahau, mwanangu."