Karani Alipofika Kumi na Tisa

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe 14 Novemba 1995, wakubwa wa ushirika walipomwachia mnunuzi binafsi ghala letu la korosho hapa Mkunya, bila kutuuliza. Sisi wapagazi akatufukuza wote.

Karani wake akatangaza, "Atakayeinua gunia la korosho kwa masikio yake mawili, hizi pembe za juu, akalishikilia mpaka nihesabu ishirini, ana kazi."

Wanaume wanne wakajaribu, wakaliachia. Binti yangu Winfrida akakaza kanga kiunoni, akalishika.

"Huyu si akapike!" Karani akacheka, akaanza kuhesabu.

Kucha zikawa nyeupe. Gunia halikugusa chini. Laiti marehemu mke wangu angeona! Kumi na saba, kumi na nane, uwanja mzima kelele. Kumi na tisa.

Karani akaacha kuhesabu.

Winfrida hakuliachia. "Shikamoo karani. Baada ya kumi na tisa inakuja ngapi?"