Mtu Mmoja wa Kata ya Saba

Afisa mipaka wa jiji hakuwa na gari, hakuwa na karani, hakuwa na kiti cha kuzunguka kama cha wenzake, wala feni. Hayo alishayazoea. Kilichomtoa jasho siku hiyo ni kwamba hakuwa na mtu mmoja.

Sensa ilikuwa imekwisha na kata zilipaswa kuchorwa upya, zote zilingane kwa idadi ya watu. Wengine wangeridhika na kukaribiana. Yeye, hapana. Na alikuwa amezisawazisha zote isipokuwa mbili: Kata ya Sita ilizidi mtu mmoja, Kata ya Saba ilipungua mtu mmoja.

"Ramani isipofika mezani kwangu leo," Mkurugenzi alimwambia kwenye simu, "kesho ofisini kwako utamkuta mwingine."

Nyumba ya mwisho ya Kata ya Sita ilipakana na Saba kwa dirisha la chumbani. Ilikuwa na watu watatu. Kuihamisha nzima kungevuruga kila kitu, basi mpaka ungepita ndani. Afisa akavua viatu, akapiga magoti chumbani, akaanza kuchora kwa chaki.

"Unanichafulia sakafu," alisema mama mwenye nyumba.

"Huu si uchafu, mama. Ni mpaka wa serikali."

"Basi serikali ije ipige deki."

Mama yake mzazi, bibi kizee mwenye fimbo, alikuwa amesimama mlangoni akitazama kama yuko sinema. "Na mimi, baba, umeniweka wapi?"

"Sita, mama. Wewe hujaguswa."

"Afadhali. Huko Saba maji hayatoki."

Mstari ukatoka ukutani, ukapanda kitandani, ukapita katikati ya mito miwili, ukashuka na kugota ukuta wa pili. Kata ya Saba ikapata dirisha lenye nondo, meza ndogo na nusu ya kitanda.

"Nani anahamia upande huu?" aliuliza afisa.

"Mume wangu. Mchukueni."

"Sheria inataka mhusika aridhie."

"Ataridhia. Tangu lini akanibishia? Hata akilala hapa, akili yake iko kazini."

Afisa akakohoa kidogo, akaandika: ameridhia.

"Na akibanwa na haja, bwana afisa?"

"Avumilie. Mpaka ramani isainiwe, hakuna kuvuka. Akivuka mmoja tu, hesabu yote imekufa."

Bibi kizee akacheka hadi akaegemea fremu ya mlango. "Mwanangu, si nilikwambia uolewe na yule seremala?"

Alasiri ramani ilikuwa tayari. Afisa akaketi kwenye ile meza ndogo, akamwandikia Mkurugenzi kwa mwandiko wake bora: kata zote zimelingana, hakuna iliyozidi wala iliyopungua. Akaikunja barua pamoja na ramani, akalamba bahasha, akaifunga na kuikandamiza kwa kiganja.

Kisha akanyoosha mkono juu ya kitanda, akiangalia asiukanyage mstari, akamkabidhi mke wake aipeleke ofisini, maana mlango ulikuwa umebaki Kata ya Sita.