Sifuri ya Matemwe

Fundi alitoka Matemwe na pweza mkavu wa kumshukuru Rawiya, aliyemchorea ramani ya mwamba kwa kompyuta. Fundi alikuwa amechoma mtaimbo ardhini pahala pachache tu, akaandika kila pahala mwamba uko chini kiasi gani. Kwengine kote programu ilikisia.

Ramani ilikuwa bado ipo kwenye kioo. Rawiya aligusa doa jeusi.

"Hapa umetia sifuri. Mwamba ulikuwa juu kabisa, siyo?"

"Aa, hapo mtaimbo ulizama wote, haukugusa kitu. Ndo nkatia sifuri. Nlipouchomoa ulinuka popo, kama umetoka pangoni."

Rawiya aliondoa kidole. Kwa programu, sifuri ndiyo mwamba ulio juu kabisa, pahala imara kuliko pote.

"Fundi, tangi la maji mmelijenga wapi?"

"Si hapo peusi, ulipotwambia? Leo ndo wanalijaza. Wanawake washajipanga chini yake na ndoo zao."

Rawiya aliinyakua simu ya fundi, akawapigia wajenzi.

"Waondosheni watu hapo!"

Hakusikika. Kule vigelegele vilikuwa vinarindima. Kisha vikanyamaza vyote kwa pamoja, na simu haikukatika.