Mihogo ya Tunu

Charaka! Charaka! Usiku wa manane Mama Nungunungu alisikia miba ikigongana mlangoni mwa ghala, akajibanza na kikapu chake nyuma ya mihogo. Mumewe huyo! Na mume alikuwa ameapa kikaoni, mbele ya wanyama wote: "Mtoto akifika chuo kikuu ajichimbie mwenyewe! Atakayemlipia Tunu wangu ada, hata muhogo mmoja, ahame kwangu!"

Mume akaingia kwa kunyata, akaanza kujaza kikapu mbio mbio, juu yake akaweka barua. Mama akashindwa kuvumilia.

"Baba Tunu! Mihogo yote hiyo ya nani?"

Miba ikamsimama mume. "Ya... ya mgonjwa."

"Mgonjwa gani anaandikiwa 'Mwanangu Tunu, lipa ada, inayobaki ule ushibe'?"

Mume akaificha barua, akakiona kikapu cha mkewe. "Na wewe je?"

"Namtumia tangu muhula wa kwanza."

"Hata mimi!"

Wakacheka mpaka wakakaa chini. Kumbe ndiyo maana likizo Tunu alipita mlangoni kwa ubavu!

"Lakini mke wangu, wa kikaoni wakijua, uso nitauweka wapi?"

"Haki ya Mungu, Baba Tunu, simwambii mtu mwingine."