Koplo Malogo Aitwa

"Koplo Malogo Shija!" karani wa pensheni za wanajeshi wastaafu aliita.

Mjane wake, Nyanzala, akasogea dirishani na cheti cha kifo. "Amefariki, mwanangu."

"Pole, mama. Lete nimfute kwenye orodha, halafu ujaze fomu ya mjane."

Karani akashika cheti, Nyanzala hakuachia. Nyumbani watoto hawamtaji tena baba yao, wanaogopa mama atalia. Jina lile lilikuwa limebaki hapa tu.

"Mama, unaachia au tuvutane?"

"Muite tena kwanza."

"Si umesema amekufa?"

"Nimemzika mwenyewe. Wewe ita."

Karani akakuna kichwa, akaita kwa nguvu. Wazee wote kwenye mabenchi wakageuka kutazama mlangoni. Nyanzala naye akageuka.