Stoo ya Mashuka

Matroni wa wodi ya watoto alijifungia stoo, akazima simu, akakaa juu ya mabunda ya mashuka. Alikuwa ameapa kwamba leo, liwe liwalo, angepata nafasi ya kufikiri.

Kina mama waliouguza watoto walikuwa wakilala sakafuni, chini ya vitanda. Jana muuguzi alimkanyaga mmoja vidole.

Mguu ulimtikisika wenyewe. Kichwani zilijaa zamu, sindano na jenereta. Wazo hata moja halikuja.

Mlango ukagongwa. "Matroni! Daktari anakutafuta kama sindano!" Alikuwa msaidizi wake.

"Mwambie nimekufa."

"Na saini ataweka marehemu?"

Hatua zikaondoka. Kukaa bure kulimwasha kama upupu. Akabandua rangi ya ukutani kwa ukucha, akainuka, akakaa tena. Mwishowe akajilaza chali sakafuni. Miguu yake haikufika ukutani.

Akageuza shingo. Pembeni yake angelala mtu mwingine, na mwingine tena. Dirisha lilikuwepo. Wodi ilikuwa hapo mkabala.

Moyo ulimruka kwa furaha, kisha ukanywea. Ofisini kwake watu waliingia bila hata kupiga hodi. Hapa ndipo pekee alipoweza kujifungia.

Akafungua mlango. Msaidizi alikuwa anarudi na faili.

"Ita watu. Mashuka yaende ofisini kwangu. Kina mama watalala humu."

"Sasa wewe utakaa wapi, dada?"

Matroni akachomoa ufunguo kwa ndani, akamwekea kiganjani.