Alama ya Nne

Mume wa dada yake fundi aliliweka boksi juu ya meza ya gereji kama mtu aliyeshinda kombe.

"Konveta ya magari ya mashindano, shemeji, mpya kabisa! Ukiifunga kati ya injini na giaboksi yangu ya otomatiki, gari litaruka. Wewe kazi yako kufunga, si kuuliza."

Fundi aliitoa boksini, akaikwaruza kwa ukucha. Rangi ya dhahabu ikabanduka kama ganda la yai, na chini yake zikajitokeza alama tatu za tindo. Alizipiga mwenyewe, moja kila alipoitupa konveta ile mbovu kwenye chuma chakavu, nayo ikamrudia mikononi mwa bwege mwingine.

"Umeitafuta sana, shemeji?"

"Miezi miwili!"

"Basi ishike vizuri."

Shemeji akaishika kwa mikono miwili, akitabasamu. Fundi akachukua tindo na nyundo.